Kiraka Kinachoshika: Elimu Iliyomo Katika Kuziba Pancha

Pancha ni tundu au mpasuko unaotokea katika tyubu, yaani ule mpira mwembamba uliozungushwa ndani ya tairi ili kuhifadhi upepo, na kuiziba ni kazi inayofanyika kila siku chini ya miembe, kandokando ya vituo vya bodaboda na pembezoni mwa masoko, kuanzia Kisumu hadi Kigoma. Kwa kuwa kazi hiyo ni ya kawaida na malipo yake ni madogo, watu wengi huiona kuwa haina elimu ndani yake: tundu hutafutwa, gundi hupakwa, kiraka hubandikwa na safari huendelea. Hata hivyo, kipo kiraka kinachodumu hadi tyubu yenyewe izeeke, na kipo kinachoachia kabla ya jua kutua, na tofauti baina yao hutokana zaidi na yaliyotendeka, au yaliyorukwa, katika dakika chache zinazotangulia kubandika. Sababu yake ni kwamba kiraka cha tyubu hakigandi juu ya mpira kama stempu inavyoganda kwenye bahasha. Kikitengenezwa vizuri, huungana na tyubu hata viwili hivyo vikawa mpira mmoja, na muungano wa namna hiyo una masharti yake.

Tairi hubeba, tyubu huhifadhi

Gurudumu la baiskeli, au la pikipiki inayotumia tyubu, lina sehemu tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni ringi, yaani duara la chuma au aluminiamu linaloshikwa na spoki; ya pili ni tairi, ambalo ni ganda gumu la mpira lililotiwa nyuzi ndani yake na lenye kingo mbili ambazo kwa kawaida huwa na waya, ili zisichomoke kwenye ringi; na ya tatu ni tyubu. Tairi hubeba uzito, hukabiliana na barabara na kuizuia tyubu isivimbe kupita kiasi, ilhali tyubu haina nguvu ya kubeba chochote, kwani imewekwa pale kwa kazi moja tu ya kutopitisha upepo. Ndiyo maana tyubu iliyojazwa upepo ikiwa nje ya tairi hufutuka kama puto na hatimaye hupasuka, hata kama mgandamizo wa upepo wake haujafikia ule ambao ingeuhimili bila taabu ikiwa imevikwa tairi. Jambo hilo, kama itakavyoonekana, lina uzito mkubwa katika kukipima kiraka.

Wazo la gurudumu la upepo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1845 kwa jina la Mskoti Robert William Thomson, lakini halikupata soko hadi mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipochukua hataza ya tairi lake baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tairi la siku hizo lilifungwa na kugandishwa kwenye ringi kwa namna ambayo kuifikia tyubu ilikuwa kazi ya saa kadhaa, pamoja na muda wa kungojea gundi ikauke upya. Mwaka 1891 ndugu wawili wa ukoo wa Michelin, wenye kiwanda Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, walileta tairi linaloweza kuvuliwa na kuvishwa tena, na mwaka huohuo mwendesha baiskeli Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 1,200. Tangu hapo pancha ikawa jambo la kumalizwa kando ya barabara kwa zana zinazoenea mfukoni, na ufundi wa kuiziba kama unavyojulikana leo ukaanza.

Historia hiyo haikupita mbali na Afrika ya Kati na ya Mashariki. Mahitaji ya matairi katika miaka ya 1890 yalipandisha sana bei ya mpira, na katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wanavijiji walichapwa viboko, walishikwa mateka na kuuawa ili waliosalia waende msituni kugema utomvu wa mitoria, ile mimea itambaayo ambayo matunda yake huliwa na utomvu wake huganda kuwa mpira. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani walowezi walipanda mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazili, mti ambao ni ndugu wa muhogo. Biashara yake iliporomoka mwaka 1913, baada ya mpira wa mashamba ya Asia kushusha bei duniani, lakini miti ilibaki, na majani yake bado hutwangwa na kupikwa Tanzania kwa jina la kisamvu cha mpira.

Jinsi mpira unavyoshikana na mpira

Utomvu ulioganda huundwa na molekuli, yaani chembe ndogo mno za maada, ambazo katika mpira ni ndefu mithili ya nyuzi zilizolala pamoja bila kufungamana. Kwa kuwa nyuzi hizo huteleza zikipishana, mpira mbichi hulainika na kunata wakati wa joto, kisha hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alitambua kwamba mpira ukichanganywa na salfa, ile ambayo watu wa pwani waliijua kwa jina la kibiriti upele, kisha ukapashwa moto, huacha kunata na huwa imara bila kupoteza uwezo wake wa kuvutika na kurudi. Hataza yake ya Marekani ilitoka mwaka 1844, naye Mwingereza Thomas Hancock alikuwa ameomba ya kwake Uingereza mwaka uliotangulia. Njia hiyo huitwa uvulkanishaji, kwa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale, na kinachotokea ndani yake ni kwamba salfa hujenga vidaraja kati ya uzi mmoja wa molekuli na mwingine, hata nyuzi zilizokuwa zikiteleza ovyo zikawa wavu mmoja.

Ugumu wa kuziba tyubu umejificha hapo. Tyubu inapotoka kiwandani imekwisha kupitia moto na salfa, wavu wake umekamilika, na uso wake umebaki na nafasi chache za kujengwa vidaraja vipya. Gundi ya kawaida ikipakwa juu yake hukaa pale juu bila kuingia ndani, na mpira ukivutika, gundi huachia. Kiraka cha dukani kimeundwa ili kuukabili ugumu huo. Upande wake wa juu ni mpira mweusi uliokamilika, lakini upande wa chini, ambao mara nyingi hutambulikana kwa rangi yake ya machungwa inayotokeza ukingoni, ni tabaka la mpira ambao haujavulkanishwa, lililofunikwa kwa karatasi ya fedha ili lisishike vumbi wala mafuta. Mwenziwe ni solusheni, jina ambalo mafundi wameipa gundi nyepesi iliyofanywa kwa mpira ulioyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli, na ambayo, ikiwa ni ya aina nzuri, hutiwa pia kichapuzi, yaani kemikali inayoharakisha kazi ya salfa.

Solusheni ikipakwa kwenye tyubu iliyosuguliwa, kiyeyushi chake huingia katika mikwaruzo na kuutunisha mpira kidogo, kikipitisha pamoja nacho nyuzi za mpira mpya. Kisha kiyeyushi huruka hewani, na nyuzi hizo hubaki zimenasa. Tabaka la chini la kiraka likikutana nazo, vidaraja huanza kujengeka katika joto la kawaida la mchana bila moto wowote, na ujenzi huo huendelea kwa saa nyingi baada ya msafiri kuondoka. Njia hii huitwa uvulkanishaji wa baridi.

Tyubu nyingi nyeusi za siku hizi zimeongeza sharti jingine. Hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao ulibuniwa mwaka 1937 katika maabara za kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey, na ambao hupitisha upepo kidogo sana kuliko mpira wa utomvu, hata baiskeli ikaweza kukaa kwa majuma bila kuongezwa upepo. Sifa hiyo nzuri huja na gharama yake, kwani molekuli za butili zina sehemu chache mno ambazo salfa inaweza kuzishika, na kwa hiyo uso wa tyubu ya butili huhitaji kutayarishwa kwa makini zaidi kuliko ule wa tyubu za zamani.

Kuisoma pancha kabla ya kuiziba

Tundu hueleza lilikotoka, na fundi asiyelisoma hujikuta akiziba tyubu ileile mara mbili kwa siku moja. Kabla ya kuvua tairi, alama ya chaki huwekwa ubavuni mwa tairi mkabala na vali, yaani kile kijibomba cha kuingizia upepo, ili baadaye tyubu iweze kulazwa juu ya tairi kama ilivyokuwa ndani na tundu la tyubu lioane na mahali pake kwenye tairi. Ukingo wa tairi hunyanyuliwa kwa liva, ambazo ni vyuma bapa vyenye ncha butu, au kwa mipini ya vijiko imara, ilhali bisibisi, ijapokuwa iko karibu na kila fundi, huiuma tyubu na kuongeza tundu la pili juu ya lile la kwanza.

Tyubu iliyotolewa hutiwa upepo hadi inene kidogo kuliko kawaida yake, kisha hupitishwa polepole karibu na midomo au shavu, kwa kuwa ngozi ya uso huhisi pumzi ndogo ambayo sikio haliwezi kuisikia penye kelele za sokoni. Panaposhindikana, tyubu huzamishwa kipande kwa kipande katika karai la maji, ikivutwa kidogo kwa mikono miwili ili tundu lifunguke, na mnyororo wa viputo hutaja mahali. Vali nayo huchunguzwa. Baiskeli nyingi kubwa za mizigo bado hutumia vali ya mtindo wa zamani, ambayo ndani yake mna kimpira chembamba kilichovishwa juu ya kijibomba kilichotobolewa, na kimpira hicho kikichoka upepo hutoka kidogokidogo usiku kucha, hata mwenye baiskeli akadhani ana pancha. Tone la mate likiwekwa kwenye mdomo wa vali na likafanya kiputo, ugonjwa umeonekana, na hakuna haja ya kiraka.

Tundu moja dogo upande unaogusa barabara ni la mwiba, msumari au kipande cha waya. Katika nchi kavu mshukiwa wa kwanza ni mbigiri, mmea utambaao wenye mbegu zilizojaa miiba migumu, ambazo hata zikianguka vipi hubakiza mwiba mmoja ukielekea juu. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya kuumwa na nyoka huonyesha kwamba gurudumu lilikuwa na upepo haba, likagonga jiwe au ukingo wa shimo, na tyubu ikabanwa kati ya tairi na kingo mbili za ringi. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta, na dawa yake ni pampu. Tundu lililo upande wa ndani, unaoelekea ringi, husababishwa na ncha ya spoki iliyojitokeza au na utepe wa ringi, yaani ule mkanda unaofunika vichwa vya spoki, uliosogea au kuoza.

Baada ya tyubu, tairi lenyewe hukaguliwa. Mwiba uliovunjika ndani ya tairi mara nyingi hauonekani kwa nje, na kwa ndani hujitokeza kwa kimo kisichozidi cha chembe ya mchele, lakini hicho chatosha. Fundi mwangalifu hupitisha kitambaa laini kuzunguka ndani ya tairi lote kabla ya kupitisha kidole, kwa sababu kitambaa kitanaswa na ncha bila kutoka damu. Mwiba ukipatikana husukumwa kutoka ndani kwenda nje na kung'olewa kwa koleo, na utafutaji hauishii hapo, kwa maana aliyepita penye mbigiri hakuokota mmoja.

Kusugua, kupaka, kungoja

Mahali pa tundu huwekewa alama ya msalaba kwa kalamu, mistari yake ikiwa mirefu kupita upana wa kiraka, kwani alama ndogo hufutwa na msasa na kufunikwa na solusheni, na fundi hubaki akikisia kitovu kilipo. Kisha mpira hukaushwa kabisa. Tyubu iliyotoka karaini hubaki na unyevu ndani ya tundu lenyewe, na unyevu huo hupanda tena juu ya uso kila tyubu inapobonyezwa. Kwa hiyo upepo wote hutolewa, mahali hapo hupanguswa na huachwa juani kwa muda.

Kusugua kwa msasa ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kuruka hatua hiyo ndiko kunakoua viraka vingi. Msasa una kazi tatu kwa wakati mmoja: huondoa ngozi ya juu ya mpira, ambayo imekutana na hewa, poda na mabaki ya vilainishi vilivyotumika kiwandani ili tyubu isigande kwenye kalibu, huchora mikwaruzo myembamba inayoongeza eneo la kushikana, na husawazisha mshono, yaani ule mstari ulioinuka unaozunguka tyubu pale ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Mshono ukiachwa, kiraka hupita juu yake kama mkeka uliotandikwa juu ya fimbo, na pembeni mwake hubaki vichochoro viwili ambavyo upepo utavitafuta. Mpira uliosuguliwa ipasavyo hupoteza mng'ao wake mweusi na huwa wa kijivu usio na mng'aro, kwa upana unaozidi kiraka kwa nusu sentimita kila upande. Vumbi lake hupanguswa kwa kitambaa kikavu, na kutoka hapo kidole hakipaswi kupagusa tena, kwani mafuta ya ngozi, hasa ya mkono ulioshika mnyororo, hurudisha kila kilichoondolewa.

Solusheni hupakwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa tabaka jembamba na sawasawa, pana kuliko kiraka. Watu wengi hudhani kwamba gundi nyingi hushika zaidi, kumbe tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini, na kiyeyushi kilichofungiwa chini ya kiraka hugeuka mvuke unaokinyanyua. Baada ya kupaka, fundi hungoja. Muda wake ni kama dakika tano, hupungua penye jua na upepo na huongezeka penye unyevunyevu, na dalili yake ni kwamba uso uliokuwa uking'aa kama maji umefifia, na ukiguswa ukingoni mwa mpako kwa mgongo wa kidole hunata kidogo bila kuvuta uzi. Methali ya Kiswahili humhimiza mtu kuziba ufa mapema asije akajenga ukuta, nayo ina haki yake, ila hapa anayewahi kubandika ndiye atakayejenga ukuta, kwa sababu solusheni mbichi ni utelezi uliowekwa kati ya mipira miwili.

Karatasi ya fedha huondolewa bila kugusa tabaka la rangi ya machungwa, kitovu cha kiraka hulengwa kwenye makutano ya msalaba, na kiraka hushushwa mara moja tu, kwani hakisogezwi kikishagusa. Hukandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kuelekea kingoni, ili hewa isinaswe, kwa kutumia kidole gumba, mpini wa liva au chupa inayoviringishwa juu ya ubao. Nguvu ya mkandamizo ina manufaa zaidi kuliko muda wake, na kingo ndizo zinazohitaji subira. Utando wa juu wa plastiki, ikiwa upo, hubanduliwa kutoka katikati kwenda nje, ama huachwa mahali pake, kwa kuwa ukivutwa kuanzia ukingoni huondoka na ukingo wa kiraka. Poda kidogo ya mtoto, au hata vumbi laini la chaki, hunyunyizwa juu ya solusheni iliyobaki wazi, ili tyubu isigande na tairi.

Kwa nini kiraka huachia

Hesabu ndogo huonyesha ukali wa masharti hayo. Upepo wa paundi 40 kwa inchi ya mraba, kipimo kilichoandikwa kwenye geji nyingi za pampu, ni sawa na kilo 2.8 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Tundu la mwiba lenye upana wa milimita moja lina eneo dogo mno, hata msukumo wa upepo unaopita hapo na kugonga kiraka ni wa gramu 22 tu. Lakini upepo ukipata uwazi chini ya kiraka, kwa sababu ya tone la maji, alama ya kidole au mshono usiosuguliwa, na ukaenea hadi duara la upana wa sentimita moja, eneo huongezeka mara 100, na msukumo huwa kilo 2.2, uliozidi paketi mbili za sukari za kilo moja moja. Uwazi huo hauna sababu ya kusimama hapo: kadiri unavyopanuka ndivyo unavyosukumwa kwa nguvu zaidi, mpaka ufike ukingoni. Ndiyo maana kiraka kibaya hushika barabara kwa saa moja au mbili kisha kikaachia ghafla, na mwenye baiskeli hulaumu barabara.

Hesabu hiyo pia hueleza kosa la kukijaribu kiraka kipya kwa kuifutua tyubu nje ya tairi. Ndani ya tairi, kiraka hukaa kati ya tyubu na tairi, hivyo upepo unaojaribu kukinyanyua ndio huohuo unaokibana dhidi ya ukuta wa tairi, na mpira hauvutiki sana. Nje ya tairi hakuna ukuta. Mpira huvutika, kiraka ambacho hakijamaliza kujenga vidaraja vyake hulazimishwa kuvutika nao, na kingo hubanduka. Jaribio la haki ni kurudisha tyubu ndani ya tairi na kuijaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Njia za mkato nazo zina maelezo yake. Kiraka kilichokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambacho hutumika sana kwa kuwa ni cha bure, hakina lile tabaka la chini lisilovulkanishwa, na kwa hiyo hutegemea mshiko wa solusheni peke yake. Kikisuguliwa pande zote mbili, kikapakwa solusheni pande zote mbili na kikaachwa kikauke, chaweza kumfikisha mtu mbali, ila hakiwi kitu kimoja na tyubu. Kila kiraka cha kukatwa hupaswa kuwa cha duara au cha yai, kwa maana pembe kali ndiyo mahali ambapo kubanduka huanzia. Supa gluu hukauka na kuwa ngumu kama kioo, na mpira ukikunjwa hupasuka vipande. Solusheni iliyofunguliwa siku nyingi hupoteza kiyeyushi chake na kuwa uji mzito unaolala juu ya mpira bila kuingia, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kufunga kifuniko mara tu baada ya kupaka. Sababu nyingine ni kwamba mvuke wake hushika moto kwa urahisi na hudhuru anayeuvuta, hivyo haifai kutumiwa karibu na sigara au jiko, wala kuachwa mikononi mwa watoto.

Moto wa kando ya barabara

Baadhi ya mafundi, hasa wanaohudumia pikipiki, bajaji na malori, hawatumii kiraka cha baridi, bali huchoma. Kipande cha mpira mbichi unaouzwa kwa kazi hiyo huwekwa juu ya tundu lililosuguliwa, kisha tyubu hubanwa kwa skrubu kati ya ubao au chuma na kichwa cha pistoni kuukuu, na ndani ya pistoni hiyo, iliyogeuzwa kuwa kikombe, humiminwa mafuta kidogo na kuwashwa. Chuma hupeleka joto kwenye mpira, na kwa dakika chache hufanyika pale kando ya barabara jambo lilelile alilolitambua Goodyear, yaani salfa iliyomo ndani ya mpira mbichi hujenga vidaraja kwa moto. Kiraka cha namna hiyo huwa bapa, huzama ndani ya tyubu na hudumu sana, lakini hudai mkono uliozoea, kwa kuwa joto likipungua mpira hubaki mbichi na kunata, na likizidi tyubu huungua pembeni mwa kiraka na kukakamaa, hata pancha inayofuata ikatokea palepale ukingoni.

Yapo pia matundu yasiyozibika kwa njia yoyote. Mpasuko ulio kwenye shina la vali husogezwa kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kulala bapa hapo. Tyubu iliyopasuka kwa urefu wa mshono imekwisha chakaa mahali pengi zaidi ya pale palipoonekana. Na tyubu iliyokaa juani kwa miaka hadi ikaonyesha nyufa nyembamba inapokunjwa haina tena mpira hai wa kupokea kiraka. Katika hali hizo anayemwambia mteja anunue tyubu mpya anamwokolea fedha.

Tyubu iliyozibwa hurudishwa ikiwa na upepo kidogo tu, wa kutosha kuipa umbo, ili isijikunje. Ukingo wa mwisho wa tairi huingizwa kwa mikono badala ya liva na kumalizikia penye vali, ambayo husukumwa ndani kidogo ili tyubu isibanwe, kisha gurudumu zima hukaguliwa pande zote mbili kabla ya kuongeza upepo.

Ubora wa kazi hiyo hauonekani siku ileile, kwa sababu kiraka kizuri na kibaya hufanana vinapoingia ndani ya tairi. Huonekana mtu akijaribu kukibandua siku kadhaa baadaye: kile kilichogandishwa tu huchomoka kizima na kuacha uso laini chini yake, bali kile kilichoungana hakina tena mahali pa kuachana, na anayelazimisha huchana mpira wenyewe, wa kiraka au wa tyubu. Ndiyo maana tyubu inapofikia mwisho wake na kukatwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye keria, au vipande vya manati za watoto, viraka vya fundi mwangalifu huonekana bado vipo ndani ya mikanda hiyo, vikivutika pamoja nayo.